Vyama vitatu, hifadhidata moja: wapi skima inafaa na wapi haifai

Swali la msomaji: Mtaalamu, shikamoo. Ninatunza mfumo wa kompyuta wa SACCOS tatu hapa Morogoro: moja ya walimu, moja ya waendesha bodaboda na moja ya wafanyabiashara wa sokoni. Data zote zimo katika hifadhidata moja ya PostgreSQL, programu ya kuhifadhi data, na ili zisichanganyike nimeyapa majedwali majina kama `walimu_wanachama`, `walimu_mikopo`, `bodaboda_mikopo` na kuendelea. Sasa SACCOS ya walimu imefungua matawi Kilosa na Ifakara, nami nimeanza kuandika `walimu_kilosa_mikopo` na `walimu_ifakara_mikopo`, hadi majedwali yamezidi mia moja. Mwenzangu mmoja ananiambia nitumie skima, mwingine anasema nigawe hifadhidata tatu. Nifuate lipi?

Jibu: Marahaba, ndugu yangu. Vipe vyama vitatu skima tatu ndani ya hifadhidata hiyohiyo moja, lakini matawi ya chama cha walimu usiyape skima wala majedwali ya peke yake. Tawi liwe safuwima ndani ya jedwali. Swali lako limebeba migawanyo miwili inayofanana kwa sura tu. Chama na chama ni wenyewe wawili tofauti, kila mmoja na katiba yake, bodi yake na vitabu vyake, na hakuna siku mhasibu wa bodaboda atakuwa na haki ya kuona mkopo wa mwalimu. Tawi na tawi ni mali ya mwenyewe mmoja, ambaye kila mwaka kwenye mkutano mkuu atataka kuona jumla ya yote. Skima inafaa pale penye wenyewe tofauti. Ukiitumia kukata mali ya mwenyewe mmoja vipande vipande, utatumia maisha yako kuviunga tena.

Nianze na neno lenyewe, kwa kuwa linawachanganya watu wengi. Wapo wanaosema "skima" wakimaanisha mchoro mzima wa hifadhidata, yaani majedwali gani yapo na yanahusianaje. Hapa tunazungumzia maana ya pili: chumba chenye jina ndani ya hifadhidata, ambamo majedwali huwekwa. Katika PostgreSQL, seva moja inabeba hifadhidata kadhaa, kila hifadhidata ina skima zake, na kila skima ina majedwali yake. Skima haiingii ndani ya skima nyingine. Ngazi ni hiyo moja tu. Jedwali linaloitwa `mikopo` linaweza kuwamo katika skima `walimu` na jingine la jina hilohilo katika skima `bodaboda`, nayo yakaitwa kwa nukta: `walimu.mikopo`, `bodaboda.mikopo`. Uwezo huu uliingia katika PostgreSQL toleo la 7.3, mwaka 2002, na hata kama hujawahi kuunda skima umekuwa ukiitumia siku zote, kwa sababu majedwali yako yote zaidi ya mia moja yanakaa katika ile iitwayo `public`.

Huenda pia wenzako hao wawili wanakupa shauri lilelile kwa lugha mbili. Katika MySQL, amri ya `CREATE SCHEMA` ni jina jingine tu la `CREATE DATABASE`, na swali moja, yaani amri moja ya kusoma data, linaweza kusoma majedwali ya hifadhidata mbili kwa kutumia nukta. Aliyezoea MySQL akisema "gawa hifadhidata", kwa kiasi kikubwa anazungumzia kile ambacho sisi wa PostgreSQL tunakiita skima. Katika Oracle, kwa upande mwingine, skima huambatana na mtumiaji: vitu anavyovimiliki mtumiaji ndiyo skima yake. Kwa hiyo, kabla ya kufuata shauri la mtu, muulize kwanza anatumia mfumo gani.

Kwa PostgreSQL yako, hifadhidata tatu zingekuletea ukuta mnene kuliko unavyohitaji. Muunganisho mmoja huzungumza na hifadhidata moja tu. Ukitaka kusoma ya pili ni lazima upitie nyongeza kama `postgres_fdw` au `dblink`. Orodha ya mikoa, wilaya na kata, ambayo vyama vyote vitatu wanaitumia, ingebidi uinakili mara tatu, na siku kata ikigawanywa ungeisahihisha mara tatu. Ukiwa na skima, orodha hiyo unaiweka katika skima ya nne, tuiite `pamoja`, na jedwali la `walimu.wanachama` linaweza kuwa na ufunguo wa kigeni, yaani safuwima inayokubali tu thamani zilizopo katika jedwali jingine, unaoelekea `pamoja.kata` bila tatizo lolote. Hifadhidata tatu ningezichagua kama mkataba wa chama kimojawapo ungedai data zake zikae kwenye seva yake, au kama ungejua kwamba karibuni utazihamishia mahali pengine.

Na kwa nini usibaki na majina marefu uliyonayo? Sababu kubwa ni haki za watumiaji. Kiambishi `walimu_` kina maana kwako wewe unayesoma, lakini hifadhidata haikielewi. Kwake ni herufi tu, na huwezi kuiamuru kwamba mtumiaji huyu aguse yale yanayoanza na `walimu_` peke yake. Pili, programu yako bila shaka inaunganisha vipande vya maneno ili kupata jina la jedwali, kwa kuwa jina la jedwali haliwezi kupitishwa kama kigezo salama jinsi inavyopitishwa namba ya mwanachama. Hapo ndipo mtu mwenye nia mbaya hupata upenyo wa kuchomeka amri zake.

Sasa matawi. Mwalimu wa Kilosa anahamishiwa Ifakara, jambo ambalo kwa walimu ni la kawaida kabisa. Anayo akiba, anazo hisa, ana mkopo uliobakiza miezi kumi na minne, na wadhamini wake wawili wamebaki Kilosa. Kama kila tawi lina majedwali yake, utalazimika kumfuta upande mmoja na kumwandika upande wa pili pamoja na historia yake yote, na wadhamini hutaweza kuwafunga kwa ufunguo wa kigeni, kwa sababu ufunguo huo huelekea jedwali moja, si majedwali matatu kwa zamu. Namba ya mwanachama nayo itakosa mlinzi, maana kizuizi cha `UNIQUE` hakivuki kutoka jedwali moja kwenda jingine. Mtu anaweza kuwa na namba 88 Kilosa na mwingine 88 Ifakara, na hifadhidata isiseme neno. Tawi likiwa safuwima, uhamisho wa mwalimu huyo ni kubadilisha rekodi moja, na ukipenda kuweka kumbukumbu ya tarehe aliyohama, jedwali dogo la uhamisho linatosha. Kama hofu yako ni kwamba karani wa Kilosa asione ya Ifakara, PostgreSQL tangu toleo la 9.5, la mwaka 2016, ina ulinzi wa kiwango cha rekodi, ambao unakuruhusu kuweka sera kwamba mtumiaji fulani aone rekodi za tawi lake tu ndani ya jedwali lilelile.

Tuje kwenye ujenzi. Kwa chama cha walimu ningeanza hivi:

```
CREATE ROLE mwenye NOLOGIN;
CREATE SCHEMA pamoja AUTHORIZATION mwenye;
CREATE SCHEMA walimu AUTHORIZATION mwenye;

CREATE ROLE prog_walimu LOGIN PASSWORD '...';
GRANT USAGE ON SCHEMA walimu, pamoja TO prog_walimu;
GRANT SELECT, INSERT, UPDATE
   ON ALL TABLES IN SCHEMA walimu TO prog_walimu;
GRANT USAGE ON ALL SEQUENCES IN SCHEMA walimu TO prog_walimu;
GRANT SELECT ON ALL TABLES IN SCHEMA pamoja TO prog_walimu;
ALTER ROLE prog_walimu SET search_path = walimu, pamoja;
```

Amri za `GRANT ... ON ALL` uziendeshe baada ya majedwali kuwamo, kwa sababu zinagusa yale yaliyopo wakati huo tu. Angalia pia kwamba kuna milango miwili. Haki ya `USAGE` ni ya kuingia chumbani; haki ya `SELECT` au `INSERT` ni ya kufungua kabati lililomo. Anayekosa ya kwanza hafiki kwenye jedwali hata kama ya pili anayo, na anayepata ya kwanza peke yake ataingia asiweze kusoma chochote. Watu wengi hutoa moja, wakaona programu inakataa, na kwa hasira wakaiunganisha kama `postgres`, yaani mtumiaji mkuu ambaye hazuiwi na haki yoyote. Nakusihi usifanye hivyo. Siku hiyo skima zako zote zinarudi kuwa mapambo. Kwa majedwali utakayoyaunda baadaye kuna `ALTER DEFAULT PRIVILEGES`, lakini nayo inahusu vitu vinavyoundwa na mtumiaji uliyemtaja, kwa hiyo andika waziwazi `FOR ROLE mwenye`, na majedwali mapya uyaunde ukiwa umevaa jina hilo kwa `SET ROLE mwenye`.

Mstari wa mwisho katika amri zile, wa `search_path`, ndio ninaotaka tukae nao. Huo ni utaratibu wa vyumba ambavyo PostgreSQL hupitia inapotajiwa jedwali bila skima. Programu ikisema `mikopo` tu, hutafutwa kwanza katika `walimu`, kisha katika `pamoja`, na la kwanza kuonekana ndilo linalotumika. Uzuri wake ni mkubwa: msimbo wa programu unaandikwa mara moja, bila kutaja chama chochote, na jina la mtumiaji aliyeunganika ndilo linaloamua ni chumba gani kitafunguliwa.

Nimewahi kuumia hapa. Miaka kadhaa iliyopita nilijenga mfumo wa vyama viwili ambao wote walitumia mtumiaji mmoja wa hifadhidata, na kila ombi lilianza kwa `SET search_path` kulingana na chama kilichoingia. Miunganisho ilikuwa inatunzwa kwenye bwawa ili itumike tena. Siku moja kazi moja ya usiku, ambayo nilisahau kuiwekea amri hiyo, ilichukua muunganisho uliokuwa bado na njia ya chama kilichotangulia. Asubuhi mama mmoja alifika dirishani na risiti ya marejesho ya shilingi 85,000, mwanachama namba 214, na deni lake lilikuwa halijapungua hata senti. Lilikuwa limepungua deni la mwanachama namba 214 wa chama kingine, kwa sababu vyama vyote viwili walianza kuhesabu wanachama kutoka moja. Hakuna kosa lililoandikwa popote. Kila amri ilikuwa halali, jedwali lilikuwapo, namba ilikuwapo. Tulitumia siku mbili kulinganisha risiti za karatasi na rekodi, na yule mama alisubiri siku zote hizo akiwa na wasiwasi juu ya fedha yake.

Ndiyo maana nimekuandikia mtumiaji wa kila chama. `prog_walimu` hana `USAGE` katika skima `bodaboda`, kwa hiyo njia ya utafutaji ikikosewa, amri inakataliwa palepale na kosa linaonekana kwenye kumbukumbu za seva. Kwa vyama vitatu, mabwawa matatu madogo ya miunganisho si mzigo. Ukilazimika kushirikisha bwawa moja, basi tumia `SET LOCAL` ndani ya muamala, yaani kundi la amri zinazokubaliwa zote au kukataliwa zote kati ya `BEGIN` na `COMMIT`. Amri hiyo hukoma yenyewe muamala unapofungwa au kuvunjwa, na usitumie `SET` ya kawaida inayobaki kwenye muunganisho baada ya wewe kuondoka. Hapohapo, ondoa `public` kwenye njia. Kabla ya toleo la 15, la mwaka 2022, mtumiaji yeyote aliyeweza kuingia kwenye hifadhidata aliruhusiwa kuunda vitu katika `public`, na aliyekusudia uovu aliweza kuweka humo kazi (function, yaani msimbo uliohifadhiwa ndani ya hifadhidata) yenye jina linalofanana na unayoiita wewe. Kama toleo lako ni la zamani, au hifadhidata yako ilihamishwa kutoka toleo la zamani, endesha `REVOKE CREATE ON SCHEMA public FROM PUBLIC` leo hii.

Baada ya skima ya walimu kukamilika utataka mbili zinazofanana nayo, na utashawishika kunakili kwa `CREATE TABLE bodaboda.mikopo (LIKE walimu.mikopo INCLUDING ALL)`. Amri hiyo ina mitego miwili. Kwanza, hainakili funguo za kigeni, kwa hiyo mkopo wa bodaboda utakubali mdhamini asiyekuwapo. Pili, kama namba ya mkopo ilitengenezwa kwa `serial`, aina ya safuwima inayojipa namba inayofuata kutoka kwenye kihesabu, jedwali jipya litaendelea kuchota namba kutoka kihesabu cha walimu. Utaona mikopo ya bodaboda ikiruka kutoka 31 hadi 36 bila sababu, na siku ukijaribu kufuta skima ya walimu utaambiwa kwamba bodaboda inaitegemea. Safuwima za `GENERATED ALWAYS AS IDENTITY` hazina tatizo hilo la pili, kwa kuwa kila jedwali hupewa kihesabu chake. Mimi hupendelea faili moja ya amri za kuunda majedwali, isiyotaja skima mahali popote, ambayo naiendesha mara tatu, kila mara nikiwa nimeweka njia ya utafutaji ya chama husika.

Faili hiyo ndiyo itakayokuokoa kwenye mabadiliko pia. Ukiongeza safuwima ya namba ya simu kwa walimu ukasahau bodaboda, programu moja itakuwa inahudumia majedwali mawili yasiyofanana, na kosa litajitokeza kwa chama kimoja tu, jambo linalochosha sana kulitafuta. Weka katika kila skima jedwali dogo la `matoleo` linaloonyesha ni badiliko la namba ngapi limeshaingia. PostgreSQL inakubali mabadiliko ya muundo wa majedwali ndani ya muamala, kwa hiyo unaweza kufungua `BEGIN`, ukabadilisha skima zote tatu, na moja ikishindikana zote zikarudi zilivyokuwa.

Uangalie vilevile maswali yaliyohifadhiwa kwa jina kwa kutumia `CREATE VIEW`. Hayo hufungwa kwenye majedwali yaliyoonekana siku yalipoundwa, wala hayafuati njia ya utafutaji ya anayeyaita. Ripoti uliyoihifadhi ukiwa `walimu` itaendelea kusoma walimu hata ikiitwa na mtu wa sokoni. Kila skima iwe na yake.

Kuhusu nakala rudufu, `pg_dump -n walimu` inatoa chama kimoja peke yake, nayo ni faida kubwa: chama kikiamua kuondoka kwako, unakikabidhi data zake bila hata rekodi moja ya jirani. Kwa Tanzania hilo si adabu tu, kwani Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, inambana yeyote anayeshika taarifa za watu. Lakini `pg_dump` ikipewa skima moja haifuatilii vitu vilivyo nje yake ambavyo skima hiyo inavitegemea, hivyo utoe `-n walimu -n pamoja`, la sivyo funguo za kigeni zinazoelekea kwenye kata zitashindikana wakati wa kurejesha. Nakala ya faili za seva nzima, kwa upande wake, haijui skima. Ukiirudisha nyuma hadi saa nne asubuhi, vyama vyote vitatu vinarudi nyuma pamoja.

Mpango huu unafaa kwa vyama vitatu, kumi, hata makumi kadhaa. Ukifika mahali pa kuhudumia maelfu, badilisha fikra: maelfu ya skima zenye majedwali arobaini kila moja hufanya orodha za ndani za PostgreSQL kuwa nzito, `pg_dump` ikachukua muda mrefu, na badiliko dogo la safuwima likawa kazi ya usiku mzima. Hapo jedwali moja lenye safuwima ya `chama`, likilindwa kwa sera za kiwango cha rekodi, huwa ndilo suluhisho.

Kuhama kutoka ulipo ni rahisi kuliko unavyodhani kwa upande wa vyama, na kunahitaji subira kwa upande wa matawi. Fanya kazi baada ya madirisha kufungwa, maana amri hizi hulifunga jedwali kwa muda, na chukua nakala rudufu kamili kwanza. `ALTER TABLE walimu_mikopo SET SCHEMA walimu` hulihamisha jedwali pamoja na faharasa zake, vizuizi vyake na vihesabu vinavyomilikiwa na safuwima zake, bila kunakili data yenyewe. Kisha `ALTER TABLE walimu.walimu_mikopo RENAME TO mikopo`. Malizia kwa kulikabidhi kwa `mwenye` kupitia `OWNER TO`, kwa sababu kuhama skima hakubadilishi mmiliki. Kazi ulizoziandika ndani ya hifadhidata zikiwa zimetaja majina ya zamani hazitajirekebisha, kwa hiyo zipitie moja moja.

Kwa matawi, ongeza safuwima ya `tawi` kwenye `walimu.mikopo`, uiweke makao makuu kwa rekodi zilizokuwamo, halafu ingiza za Kilosa na Ifakara kwa `INSERT ... SELECT`. Namba zitagongana, hilo ni hakika. Toa namba mpya, lakini ile ya awali uiweke katika safuwima ya `namba_ya_zamani`, kwa kuwa ndiyo iliyoandikwa kwenye risiti na fomu ambazo walimu wamezitunza nyumbani. Marejesho na wadhamini wafuate namba mpya kwa kulinganisha tawi na namba ya zamani kwa pamoja, kamwe si namba peke yake. Kabla ya kufunga muamala, hesabu idadi ya mikopo na jumla ya masalio ya kila tawi, uyaweke kando ya hesabu za majedwali ya zamani. Yakitofautiana hata kwa shilingi moja, vunja muamala utafute sababu. Majedwali ya zamani usiyafute. Yahamishie katika skima iitwayo `zamani`, ambayo hakuna programu yenye haki ya kuingia, na uyaache humo hadi mkaguzi atakapofunga hesabu za mwaka huu.